Kibisi wa Timboni

Kikombe cha chai kilikuwa pale pale kilipozoea kuwa kila asubuhi, kwenye kona ya meza, mkono wa kulia, shubiri moja kutoka ukingoni. Roble Sharmarke alinyoosha mkono bila kutazama, akakipata, akanywa. Hata angetazama asingekiona. Angeona ukungu mweupe, kama moshi wa kuni mbichi, na ndani yake doa ambalo kwa kukisia angesema ni kikombe. Hilo hakuwa amemwambia mtu, na kwa hesabu yake hakuna aliyelijua.

Ukungu ulianza kabla ya mfungo wa Ramadhani. Mwanzoni alilaumu vumbi, maana Kitengela vumbi ni sehemu ya hewa. Akalaumu malori ya mawe, akalaumu jua, akalaumu miwani ya bei nafuu aliyouziwa stendi. Mtu mzima akiamua kujidanganya hakosi vifaa. Na Roble alikuwa na sababu, kwa kuwa jicho ndilo lililomlisha yeye na nyumba yake. Katika soko la mifugo la Kajiado walimwita Roble Jicho. Wenye bucha walimlipa atembee kati ya mbuzi mia tano awaambie yupi ana mafuta, yupi ana minyoo, yupi amelambishwa chumvi jana na kujazwa maji leo ili aonekane mnene. Wengine walipapasa migongo, wakafungua midomo wahesabu meno, wakashika masikio kutafuta alama. Roble alisimama na fimbo yake mabegani, akaangalia, akasema. Kushika ni kwa wasiojua, alikuwa akiwaambia vijana, nao wakacheka na kumwamini.

Jumatano iliyopita ndipo mambo yalipoharibika. Mbuzi wake watatu, weupe wa Kigalla, walikuwa wameibwa zizini wiki mbili kabla. Pale sokoni akaona, hatua ishirini mbele yake, madoa matatu meupe kwenye kamba moja, na moja likichechemea mguu wa nyuma jinsi mbuzi wake alivyochechemea. "Hao ni wangu," akasema. Hakusogea. Alisema tu, na soko likafanya yaliyobaki. Mwenye kamba alikuwa Gichuru, mchuuzi mdogo anayeuza mbuzi wawili watatu kwa wiki. Alizomewa, akasukumwa, akavuliwa kofia, akalala ndani siku mbili. Alipotoka kwa dhamana, kamati ya soko ikakata neno: Jumatano inayokuja Roble aingie zizini mbele ya watu, awashike wanyama wake kwa mkono, jambo liishe. Akiwashika, Gichuru hatakanyaga soko lile tena na kesi itaenda mahakamani. Asipowashika itakuwaje, hakuna aliyeuliza. Roble Jicho hakosi.

Leo ilikuwa Jumapili. Zilibaki siku tatu.

"Aabo, umemaliza chai?" binti yake Nasro alimuuliza kutoka mlangoni. Alikuwa amevaa sweta juu ya buibui kwa sababu ya baridi ya Julai, na darubini ya kuazima ikimning'inia shingoni.

"Unaenda wapi na hiyo kitu?"

"Timboni. Kuna ndege ameonekana huko."

Nasro alikuwa amemaliza chuo mwaka uliopita na kazi ilikuwa haijamwona. Katika kungoja alikuwa amejiunga na watu wanaohesabu ndege wa majini, kazi ya kujitolea ambayo Roble aliiona sawa na kuhesabu vipande vya mawingu. Ila safari hii kulikuwa na habari. Mtu mmoja alikuwa ametuma kwenye kundi lao la simu picha yenye giza ya ndege mdogo mweusi aliyekuwa akizama katika maji ya timbo la zamani, lile shimo la mawe lililoachwa likajaa mvua. Mtu huyo aliapa kwamba ni ndege wa bahari aliyepeperushwa na upepo mpaka bara. Kiongozi wao, Katee, alitaka uhakika kabla ya kuandika kitu, na aliyeishi karibu kuliko wote ni Nasro.

"Huendi peke yako," Asho, mke wa Roble, alisema kutoka jikoni. "Huko timboni kuna wanaume hawana kazi. Baba yako atakupeleka."

"Mimi nitafanya nini huko?" Roble akauliza.

"Utakaa. Si unajua kukaa?"

*

Njia ya timboni ilikuwa mawe matupu, na Roble aliijua kwa miguu zaidi ya kuijua kwa macho. Alitembea nyuma ya binti yake kidogo, akifuata weusi wa buibui. Mara mbili alijikwaa, na mara zote mbili akalaani serikali ya kaunti.

Walikaa ukingoni juu ya jiwe lililokatwa likakosa mnunuzi. Maji yalikuwa chini yao, kijani, yametulia. Upande wa pili mwanamke alikuwa akifua mazulia. Nasro akafungua daftari, akaandika saa, akaandika hali ya hewa, akaandika hata upepo unatoka wapi. Roble akamtania kwamba daktari wa watu haandiki yote hayo.

"Yule pale," Nasro akasema ghafla, kwa sauti ya chini. "Ametokea karibu na matete. Ah, amezama."

"Bata," Roble akasema.

"Watu wengi wanasema bata. Bata anakaa juu ya maji, Aabo. Huyu anakaa chini chini, kama amelowa. Na nyuma hana mkia, ni manyoya tu." Alikuwa akihesabu kwa midomo. "Kumi na saba, kumi na nane. Ametokea. Sasa amehama, yuko huku kwingine kabisa."

Ikawa hivyo kwa muda mrefu. Ndege alizama hapa akaibuka kule, na kila alipoibuka alitoa mgongo, akazama tena kabla darubini haijamfikia. Nasro aliandika neno, akalifuta, akaandika jingine.

"Huyo ndege akiwa ni wa bahari," Roble akauliza, "wewe utapata nini?"

"Jina langu litaingia kwenye ripoti. Katee amesema kuna mradi wanatafuta watu wawili wa kulipwa. Mtu ambaye ameona kitu kama hicho hawezi kusahauliwa."

"Basi andika ni wa bahari. Si umemwona?"

"Nimeona mgongo. Sijaona shingo, sijaona mdomo. Kuna mwingine anaitwa kibisi, ako kila mahali, hata kwa mabwawa ya maji machafu. Akiwa kibisi atakuwa na shingo ya rangi ya kutu na doa la njano hapa pembeni ya mdomo."

"Na usipoona?"

"Nitaandika hajatambulika."

Roble akacheka. "Katika kazi yangu mtu akisema hajui, kesho hana kazi."

"Huku akisema anajua na hajui, ndio hana kazi," Nasro akasema bila kumtazama. Kisha, kwa wema, maana aliona baba yake amechoka kukaa, akamvulia darubini. "Nisaidie, Aabo. Wewe ndio uko na macho. Angalia pale kulia, karibu na ukuta wa mawe."

Mtu mwingine angesema leo macho yanauma. Roble alikuwa na nafasi hiyo, tena pana, akaiacha. Aliinua darubini, na ukungu ukawa mkubwa zaidi, ukajaa dunia nzima. Akatafuta. Kulia, karibu na ukuta, kulikuwa na kitu cheusi kinachotikisika juu ya maji.

"Namwona," akasema. "Mweusi. Anaelea tu, ametulia. Shingo yake fupi." Na kwa kuwa uongo ukishapata kiti huomba na chakula, akaongeza, "Rangi ya kutu naiona vizuri."

Nasro akakaza macho kulia, karibu na ukuta. Roble akashusha darubini. Upande wa pili mwanamke wa mazulia alikuwa ameacha kupiga maji.

"Aabo," Nasro akasema polepole, "kile ni kibuyu cha plastiki. Cha oili ya gari."

Roble akahisi uso wake ukiwaka. Aliishika fimbo akaipigapiga chini. "Unanipima? Mimi ni wa kupimwa na mtoto?"

"Sikukupima. Nilijua unaona."

Neno hilo lilimuuma kuliko kama angecheka. Akataka kusimama aondoke, lakini mbele yake kulikuwa na ukingo wa timbo, hakuwa na hakika uko hatua ngapi, na kwa hiyo akabaki ameketi akiwa na hasira zake. Alijihisi mdogo. Nasro naye alikuwa amefunga daftari.

"Wale mbuzi wa Jumatano," akasema. "Uliwajuaje?"

"Kwa mwendo. Mmoja alichechemea."

"Ulikuwa mbali kiasi gani?"

"Hatua ishirini. Kama hapa na huo ukuta."

Akasikia alichokisema. Nasro pia alikisikia. Alikuwa mtoto aliyelelewa. Kuna mlango ambao mtoto akiufikia hubisha hodi akasimama nje.

*

Alimwambia Asho jioni ile, kabla ya Magharibi, akiwa amekaa kwenye mkeka na mkewe akichambua mchele. Alizunguka sana. Alianza na vumbi, akapitia miwani, mwisho akafika kwenye kibuyu cha oili.

"Asho, mimi sioni."

"Najua," Asho akasema, akatupa kijiwe.

"Unajua nini?"

"Unadhani kikombe kinajiweka chenyewe mahali pamoja kila siku? Viatu vyako je? Nani anavipanga mlangoni, cha kulia kulia?" Aliendelea kuchambua. "Nilikuwa nangoja useme. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilisema nikikuambia mimi, utanichukia. Ukisema mwenyewe, tutaenda hospitali."

"Watanitia kisu machoni."

"Ni mtoto wa jicho, Roble, si jini. Dada yangu Fardosa si alitolewa? Alirudi akaona mpaka utando wa buibui wa nyumba yangu, akanitangaza kwa jamaa wote."

Roble alitaka kucheka, akashindwa. Hospitali haikuwa jambo la kumtisha sana sasa. Lililomtisha lilikuwa na jina, na lilikuwa na mke, maana Waruguru, mke wa Gichuru, alikuwa amekuja hapa kwake Ijumaa. Hakuingia ndani. Alisimama getini na mtoto mgongoni akasema mume wake aliwanunua mbuzi wale huko Bissil, kwamba hana karatasi kwa sababu mbuzi watatu hakuna anayewaandikia karatasi. Roble alikuwa amemjibu, "Mama, mimi naamini macho yangu." Alikumbuka jinsi alivyolisema, kwa upole wa mtu mwenye haki, na sasa alitamani ardhi impe nafasi.

"Labda ni wangu kweli," akasema. "Alichechemea, Asho. Hilo niliona."

"Labda," mkewe akasema. "Una hakika?"

Roble akakunja pembe ya mkeka.

"Nikisema sijui, nimekwisha. Jeylani wa bucha ananichukua kwa sababu ya jicho. Wote wananichukua kwa sababu ya jicho. Tutakula nini mpaka hiyo hospitali?"

Asho akaacha mchele. Hakuwa mwanamke wa maneno matamu na hakuanza siku hiyo. "Tutakula kidogo," akasema. "Lakini sitakula cha yule mama wa getini."

*

Jumanne Nasro alirudi timboni na jirani yao Elizabeth, akakaa tangu saa moja mpaka saa tano. Siku ya soko aliomba kumsindikiza baba yake Kajiado, na ndani ya basi, walipokuwa wamepita Isinya, Roble akamuuliza habari za ndege.

"Nilimwona vizuri. Alitoka na samaki mdogo akahangaika kummeza, nikapata muda. Shingo ya kutu, doa la njano. Ni kibisi, Aabo. Si wa bahari."

"Pole."

"Pole ya nini? Ndiye aliyekuwepo." Akatazama nje kidogo. "Katee hakufurahi. Lakini amesema mwezi ujao nihesabu bwawa zima."

Zizi lilikuwa limezungukwa na watu kuliko siku nyingine yoyote, maana macho hayana pazia na aibu ya mwenzio ni tamasha la bure. Roble aliwajua kwa sauti. Alimsikia Jeylani, mwenye bucha aliyemwajiri miaka tisa, akiongea na simu. Alisikia mtoto akikohoa mgongoni mwa mama, akajua Waruguru yuko. Mwenyekiti wa kamati, mzee Parsaloi, akaja akamshika bega, akamsalimu kwa Kimaasai.

"Sopa, Roble."

"Epa."

"Wako ndani, wamechanganywa na wengine kumi. Ingia ushike wako. Ukishika, tumemaliza."

Akafungua lango la miti. Roble akaingia, na mbuzi wakamkwepa wakajikunja pembeni, ukungu mmoja mweupe unaolia. Kati yao kulikuwa na mmoja aliyechechemea. Alisikia kwato zikikosea hesabu. Angeweza kumfuata huyo. Hatua tano, mkono mmoja, na watu wangesema tulijua. Nyumba yake ingekula, na jina lake lingebaki jina. Alisimama pale muda mrefu kiasi cha watu kuanza kunong'ona.

"Parsaloi," akasema. "Mimi sijui mbuzi hawa."

"Unasema?"

"Nasema sijui. Jumatano ile sikuona mbuzi. Niliona weupe. Macho yangu yameharibika tangu kabla ya Ramadhani na nimewaficha nyote." Akageukia zile kwato. "Niletee huyo anayechechemea. Nimshike sikio."

Kelele zilipanda. Mmoja akasema Roble ameonjeshwa kitu kidogo, amehongwa. Mwingine akasema wazi kwamba watu wa Gichuru walionekana getini kwake Ijumaa, na kwamba mzee yule alikuwa akitembea peke yake juzi tu, kipofu gani huyo.

Kijana wa zizi akamvuta yule mbuzi. Roble akapiga magoti kwenye samadi, yeye aliyesema kushika ni kwa wasiojua, akapapasa kichwa, akafika sikioni. Chini ya sikio la kushoto kulikuwa na mkato wa zamani, umepona, umekuwa mgumu kama ukingo wa kiatu. Mbuzi wake hawakukatwa masikio hata siku moja. Aliona ni kuwaharibu. Hata mwaka jana, hata macho yakiwa mazima, angemshika tu angejua. Sekunde tatu. Gichuru alilala ndani siku mbili kwa kukosa sekunde tatu za mkono wake.

"Si wangu," akasema. "Hajawahi kuwa wangu."

Jeylani alikuwa amekata simu. Roble alisikia viatu vyake vikiondoka, vya ngozi ngumu, bila kwaheri, kuelekea upande wa mbuzi wanaouzwa. Miaka tisa iliondoka hivyo. Watu wengine wakaendelea kunong'ona, na neno la kuonjeshwa likazunguka zizi likarudi.

Roble akatoka nje ya lango, akajifuta magoti, akasimama wima. "Gichuru," akasema, "nilikuvunjia heshima mbele ya watu, na mbele ya watu nakuomba msamaha." Akanyoosha mkono.

Aliunyoosha kwa mnunuzi wa ngozi kutoka Bissil, mtu ambaye hakuwahi kumwona maishani, aliyesimama pale kutazama tu. Mnunuzi yule aliutazama mkono, akawatazama watu, hakujua kama aushike. Roble akaendelea kuunyoosha, na uso wake, ulioelekea begani kwa mtu asiye Gichuru, ulikuwa ukingoja jibu.

Minong'ono ikafa. Hakuna aliyesema tena habari ya kuonjeshwa.

Nasro alipiga hatua aende amgeuze baba yake, kisha akajizuia.

Gichuru alikuwa upande wa kushoto, kando ya mkewe, kichwa wazi, maana kofia yake haikurudi. Siku mbili zilikuwa bado mwilini mwake, na hakuna mkono unaoweza kuzirudisha. Alijua hilo, na kila mtu pale alijua.

"Niko huku, mzee," akasema mwishowe.

Hakusogea. Roble akageuka, akaifuata sauti, hatua moja, ya pili, mkono ukipapasa hewa mbele yake, na soko zima likampisha njia mpaka alipofika.